Uvimbe wa pituitari unaomwaga homoni: upasuaji wa puani, dawa au mionzi?

Wagonjwa wawili wanaweza kukaa benchi moja kliniki, wote wana uvimbe wa pituitari wa milimita 8, mmoja akaondoka na vidonge vya kumeza mara mbili kwa wiki, mwenzake akaandikiwa tarehe ya upasuaji, na madaktari wao wote wakawa wamefanya sawa. Kinachowatenganisha si ukubwa wa uvimbe bali homoni inayotoka humo. Ulinganisho huu ni kwa aliyekwisha kuambiwa kuwa uvimbe wake unatoa homoni na sasa ana njia tatu mbele yake: upasuaji kupitia puani, dawa, na mionzi.

Tezi ya pituitari ina uzito wa takribani nusu gramu, kama punje ya njegere, na imekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Juu yake hukutana neva za macho. Kushoto na kulia hupita mishipa ya karotidi inayopeleka damu kwenye ubongo. Uvimbe unaoota hapo karibu mara zote si saratani. Unaumiza kwa njia mbili: homoni ya ziada inayozunguka mwili mzima, na msukumo kwa majirani hao.

Aina tatu ndizo zinazowafikisha wengi kliniki. Unaotoa prolaktini, yaani prolaktinoma, ndio unaoonekana zaidi: hedhi hukatika, maziwa hutoka kwa asiyenyonyesha, mimba haingii, mwanamume hupoteza hamu na nguvu za kiume. Unaotoa homoni ya ukuaji huleta akromegali: viatu na pete vinabana, taya inasogea mbele, mtu anakoroma, sukari na presha vinapanda. Unaotoa homoni ya ACTH huzichochea tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kutoa homoni ya kotisoli kupita kiasi, nao ndio ugonjwa wa Cushing: uso unakuwa wa mviringo, tumbo linakua huku mikono na miguu ikikonda, ngozi inapata michirizi ya zambarau, misuli inaisha nguvu. Wa nne, unaotoa TSH, yaani homoni inayoichochea tezi ya shingo, ni nadra. Huo huanza na upasuaji, na hatutaurudia.

## Kwanza, je, homoni inatoka kwenye uvimbe kweli?

Swali hili linarukwa mara nyingi kuliko inavyostahili, na anayelipia kosa ni mgonjwa.

Prolaktini hupanda kwa sababu nyingi zisizohusu uvimbe: ujauzito, tezi ya shingo iliyolegea, figo zilizoshindwa, na dawa kama metoklopramidi, domperidoni, haloperidoli na risperidoni. Prolaktinoma kubwa, ya zaidi ya milimita 10, kwa kawaida huja na prolaktini ya nanogramu 250 kwa mililita au zaidi. Ukiwa na uvimbe wa milimita 30 na prolaktini ya 70, huenda uvimbe hautoi prolaktini kabisa, unabana tu shina la tezi, na vidonge vya kushusha prolaktini havitaupunguza. Lakini upo mtego wa maabara: prolaktini ikiwa nyingi mno, mashine huzidiwa na kutoa namba ndogo ya uongo. Kwa uvimbe mkubwa, omba sampuli ichanganuliwe tena baada ya kuzimuliwa mara 100.

Kwa Cushing, cha kwanza kuulizwa ni dawa za steroidi zinazotoka nje ya mwili. Mkorogo wa kung'arisha ngozi wenye klobetasoli, vidonge vya kuongeza unene vyenye deksamethasoni, na sindano za viungo zisizo na jina huleta sura ile ile ya Cushing bila uvimbe wowote. Mwambie daktari ukweli hata kama unaona aibu. Wala usiache ghafla ulichokuwa ukitumia kwa miezi, kwa kuwa tezi zako za adrenali zimelala na kuamka kwake huchukua muda. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1 ya deksamethasoni kati ya saa 5 na saa 6 usiku, kisha damu saa 2 asubuhi: kotisoli ikishuka chini ya nanomoli 50 kwa lita, Cushing inakuwa mbali. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha kotisoli kwa udanganyifu, hivyo huachwa wiki 6 kabla.

Akromegali ndiyo nyepesi kuthibitisha: IGF-1, homoni inayotolewa mwilini kwa amri ya homoni ya ukuaji, iko juu kwa umri wako, na homoni ya ukuaji haishuki chini ya mikrogramu 1 kwa lita baada ya kunywa gramu 75 za glukosi.

## Vigezo vya kupimia

Aina ya homoni ndiyo inayotangulia. Baada yake ni mahali uvimbe ulipo: chini ya milimita 10 ni mdogo, kuanzia hapo ni mkubwa, lakini ukubwa wenyewe hausemi yote. Muulize daktari daraja la Knosp kwenye MRI yako, kuanzia 0 hadi 4. Daraja hili linaeleza uvimbe umepenya kiasi gani kwenye sinasi kavenosi, yaani chemba za damu zilizo ubavuni mwa tezi zinazopitisha karotidi na neva za kuzungusha macho. Uvimbe wa milimita 18 wenye Knosp 0 mara nyingi hutoka wote. Wa milimita 12 wenye Knosp 4 karibu haiwezekani kuumaliza kwa kisu.

Vingine ni hali ya macho, haraka inayotakiwa kushusha homoni, mipango ya kuzaa, gharama ya kudumu na si ya siku moja, na mkono wa daktari wa upasuaji. Hicho cha mwisho hakiandikwi kwenye majibu ya vipimo, ila kwa uvimbe huu kina uzito kuliko chapa ya mashine. Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa ya kuponya. Wa pili hukuta makovu na alama zilizopotea.

## Upasuaji kupitia puani

Unavyofanyika. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Vifaa hupita tunduni mwa pua, bila kidonda cha nje. Sehemu ya nyuma ya ukuta wa kati wa pua huondolewa, chemba ya hewa ya sfenoidi hufunguliwa, mfupa mwembamba ulio chini ya tezi huchimbwa, utando mgumu unaoifunika tezi hukatwa. Uvimbe laini hukwanguliwa kwa vijiko vidogo vya duara; wenye ganda hubanduliwa na ganda lake, na hapo ndipo kupona huwa kwa hakika zaidi, kwa sababu mabaki ya seli hubaki kwenye ganda. Maji ya ubongo yakivuja, shimo huzibwa kwa mafuta yaliyochukuliwa tumboni au pajani, na uvujaji ukiwa mkubwa hufunikwa kwa utando wa ndani ya pua uliogeuzwa ukiwa bado na mshipa wake wa damu. Kazi yenyewe ni saa 2 hadi 4, na wodini ni siku 2 hadi 5 mambo yakienda sawa.

Matokeo kwa homoni. Mikononi mwa aliyezoea, Cushing yenye uvimbe mdogo hutulia kwa takribani wagonjwa 8 kati ya 10. Akromegali yenye uvimbe mdogo ni hivyo hivyo au zaidi. Yenye uvimbe mkubwa ni kama nusu. Prolaktinoma ndogo nayo huitikia vizuri. Kwa Knosp 3 na 4 namba hizi huporomoka, na lengo hubadilika kutoka kuponya hadi kupunguza, ambalo si jambo dogo: kupunguza uvimbe wa akromegali hufanya sindano za baadaye zishike vizuri zaidi.

Muda. Hakuna njia yenye kasi kama hii. Kotisoli huanguka ndani ya saa au siku chache, homoni ya ukuaji ndani ya saa. IGF-1 hujikokota, kwa hiyo kipimo cha uamuzi ni wiki 12 baadaye. Kuipima wiki ya pili ni kupoteza fedha. Macho yaliyobanwa huweza kuanza kurudi siku ile ile.

Yanayoweza kwenda vibaya. Sehemu ya nyuma ya tezi ikiguswa, homoni inayoshika maji hupungua na mgonjwa hukojoa lita kwa lita mkojo mweupe kama maji. Kwa wengi hali hiyo hupita kwa siku chache, kwa wachache hubaki, nao hutumia desmopresini, dawa inayoshika nafasi ya homoni hiyo. Hatari inayosahaulika ni ya kinyume chake, tena huja mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani: kati ya siku ya 5 na ya 10 tezi iliyoumia humwaga akiba yote ya homoni hiyo, maji hubaki mwilini, sodiamu inashuka. Dalili ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, hata degedege. Ndugu wanaomhimiza mgonjwa anywe maji mengi apone haraka wanamzidishia. Pima sodiamu siku ya 7 hata kama unajisikia mzima, na vituo vingine huweka kikomo cha lita 1 hadi 1.5 za vinywaji kwa siku katika wiki hiyo.

Maji ya ubongo yanaweza kuvuja puani: matone maangavu, yenye ladha ya chumvi kooni, yanayoongezeka ukiinama. Huo si mafua. Usipotibiwa hufungua njia ya homa ya uti wa mgongo. Uvujaji huwapata wachache katika kila mia, zaidi wenye uvimbe mkubwa. Kujeruhi karotidi ni chini ya 1 kwa 100, lakini ndiyo ajali inayoua. Tezi nzima inaweza kupungukiwa nguvu, ndipo mtu anahitaji haidrokotisoni (kotisoli ya dawa), homoni ya tezi ya shingo, au za uzazi.

Wiki 4 hadi 6 za kwanza: usipenge, piga chafya mdomo ukiwa wazi, usinywe kwa mrija, usibebe ndoo ya lita 20, usitumie mashine ya kusukuma hewa ya usingizini bila ruhusa. Kuinama hupandisha shinikizo kichwani. Anayeswali aulize kuhusu kuswali kwa kukaa katika kipindi hicho, na kwenye udhu asivute maji puani kwa nguvu.

Gharama na ufuatiliaji. Fedha nyingi hutoka mara moja: MRI, chumba cha upasuaji, kitanda cha uangalizi. Baadaye ni vipimo, navyo haviishi. Cushing inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, kwa hiyo kipimo cha kila mwaka ni cha maisha.

Unamfaa nani. Karibu kila mwenye Cushing, wengi wenye akromegali, na baadhi ya wenye prolaktinoma tutakaowataja.

## Dawa

Zinavyofanya kazi. Hapa aina ya homoni inagawa kila kitu, na kusema tu kwamba "dawa zipo" hakumsaidii mtu.

Kwa prolaktinoma, kabagolini huzuia utoaji wa prolaktini na kuunyausha uvimbe wenyewe. Huanza kwa miligramu 0.25 mara mbili kwa wiki, jioni pamoja na chakula, na kuongezwa kila wiki 4 kulingana na damu. Wengi hutulia kati ya 0.5 na 2 kwa wiki. Bromokriptini ni ya zamani, kwa kawaida ni rahisi zaidi kifedha, humezwa kila siku na hutia kichefuchefu zaidi.

Kwa akromegali zipo sindano za oktreotidi, miligramu 20 hadi 30 kwenye msuli wa tako kila wiki 4, au lanreotidi 120 chini ya ngozi kwa mpangilio huo huo. Pegvisomanti, sindano ya kila siku, huzuia homoni ya ukuaji isifanye kazi mwilini. Hushusha IGF-1 vizuri sana lakini uvimbe haiugusi. Kabagolini hujaribiwa pale IGF-1 ilipozidi kidogo tu.

Kwa Cushing, ketokonazoli, metiraponi na osilodrostati hufunga mtambo wa kotisoli ndani ya adrenali. Uvimbe kichwani unabaki ulivyo.

Matokeo kwa homoni. Kabagolini hurekebisha prolaktini kwa wagonjwa 8 au 9 kati ya 10 wenye uvimbe mdogo, na wengi wenye mkubwa pia. Oktreotidi na lanreotidi hufanikisha IGF-1 kwa theluthi hadi nusu. Dawa za Cushing hufaulu kwa wengi, ila lazima zipandishwe na kushushwa kwa uangalifu, maana kipimo kikizidi mgonjwa huishiwa kotisoli: uchovu mzito, kutapika, presha kushuka.

Muda. Kabagolini inashangaza: uvimbe mkubwa uliobana macho unaweza kuachia ndani ya siku au wiki chache, ndiyo maana prolaktinoma iliyofifisha macho bado huanzishiwa vidonge kabla ya kufikiria kisu. Sindano za akromegali hupimwa kwa miezi 3 hadi 6.

Yanayoweza kwenda vibaya. Kabagolini hutia kizunguzungu ukisimama ghafla. Kwa wachache huvunja breki za tamaa: mtu asiyewahi kubeti anamaliza mshahara kwenye kubeti, au hamu ya ngono inapita kiasi. Mwenzi wa mgonjwa aambiwe mapema, kwa kuwa mwenyewe hatajiona. Anayezidi miligramu 2 kwa wiki kwa muda mrefu apimwe vali za moyo kwa ekokadiogramu. Na mwanamke ajue kuwa yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana. Wengi wameshika mimba wakidhani bado hawawezi. Uvimbe mkubwa uliokula mfupa ukinyauka haraka, maji ya ubongo yanaweza kuvuja kama baada ya upasuaji.

Oktreotidi na lanreotidi huharisha wiki za mwanzo, na baadaye hutengeneza mawe kwenye kibofu cha nyongo. Huhifadhiwa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, jambo la kuulizia duka la dawa kama umeme wenu hukatika. Ketokonazoli inaweza kuharibu ini, kwa hiyo ini hupimwa kabla na mara kwa mara mwanzoni. Omeprazoli na dawa za kupunguza asidi huizuia isifyonzwe, na mgonjwa hudhani dawa imeshindwa.

Gharama na ufuatiliaji. Vidonge vya prolaktini hubebeka kwa wengi. Sindano za akromegali ni mzigo wa kila mwezi, pengine wa maisha. Usianze kabla ya kujua bima yako italipa ngapi na kwa muda gani, iwe NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya. Kuanza na kukatiza hakuna faida. Kabagolini inaweza kujaribiwa kuachwa baada ya angalau miaka 2, prolaktini ikiwa ya kawaida na MRI haionyeshi uvimbe, ingawa kwa wengi prolaktini hupanda tena.

Zinamfaa nani. Wengi wa wenye prolaktinoma. Kwa wengine ni daraja la kuvukia, au tegemeo baada ya upasuaji usiomaliza.

## Mionzi

Inavyofanyika. Kuna mionzi ya dozi moja kubwa iliyolengwa, kwa mashine kama Gamma Knife au CyberKnife, ambapo uvimbe unaotoa homoni hupewa takribani grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 hadi 25 kwa siku moja. Neva za macho hazitakiwi kupata zaidi ya grei 8 hadi 10, kwa hiyo lazima kuwe na milimita 3 au zaidi kati yake na uvimbe. Nafasi hiyo isipokuwepo, hutumika mionzi ya vipande: grei 45 hadi 54 zilizogawanywa kwa 1.8 kila siku, siku 5 kwa wiki, wiki 5 hadi 6. Hakuna kisu na hakuna maumivu.

Matokeo na muda. Kukua kwa uvimbe husimama kwa wengi sana. Homoni ni habari nyingine: takribani nusu hufika kawaida, tena baada ya miaka 2 hadi 5 kwa dozi moja, na hata 10 kwa mionzi ya vipande. Katika miaka hiyo yote mgonjwa hutumia dawa. Kwa mwenye Cushing kali, kungoja hivyo bila dawa ni kumwacha na kotisoli inayomla.

Yanayoweza kwenda vibaya. Tezi nzima hunyauka polepole. Robo ya wagonjwa au zaidi hupungukiwa homoni moja au kadhaa ndani ya miaka 5, na idadi huendelea kupanda. Ndiyo sababu kijana ambaye hajazaa hufikiriwa mara mbili. Kuharibu macho ni nadra pale vipimo vinapoheshimiwa.

Gharama na ufuatiliaji. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road ina mashine za kisasa za mionzi ya vipande; Kenya, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina CyberKnife. Usafiri na malazi ya wiki 6 mara nyingi humshinda mgonjwa kuliko tiba yenyewe. Homoni zote za tezi hupimwa kila mwaka, maisha yote.

Inamfaa nani. Mwenye mabaki ndani ya sinasi kavenosi baada ya upasuaji na dawa zisizotosha au zisizopatikana. Ni mara chache sana mionzi kuwa ya kwanza.

## Ukichagua upasuaji: endoskopu, hadubini au kufungua fuvu

Hermann Schloffer wa Innsbruck aliufikia uvimbe huu kupitia puani mwaka 1907. Harvey Cushing aliitumia njia hiyo kwa miaka kisha akarudi kufungua fuvu, kwa kuwa mwanga haukutosha kule chini. Hadubini ya upasuaji, iliyoletwa na Jules Hardy wa Montreal miaka ya 1960, ndiyo iliyoirudisha pua kwenye heshima yake. Endoskopu, mrija mwembamba wenye kamera, ikafuata miaka ya 1990.

Hadubini huonyesha kina kwa macho mawili, lakini kwa mstari ulionyooka kupitia kipanuzi cha pua. Uvimbe mdogo ulio katikati ya tezi hautaki zaidi ya hapo. Endoskopu huingia yenyewe hadi mbele ya uvimbe, na lenzi za nyuzi 30 au 45 huchungulia pembeni, jambo lenye faida pale uvimbe ulipoinama kuelekea sinasi kavenosi au ulipopanda juu. Kwa kawaida daktari wa masikio, pua na koo hushirikiana na wa ubongo, mikono minne kupitia tundu mbili. Gharama yake ni pua yenyewe: magamba na ukavu kwa wiki kadhaa, na kunusa kunaweza kupungua. Kwa uvimbe mdogo, matokeo ya homoni hayatofautiani sana kati ya vifaa hivi viwili. Usimkimbie daktari mahiri wa hadubini ukamfuate anayejifunza endoskopu.

Kufungua fuvu kumebaki kwa wachache, uvimbe uliotanuka mbali pembeni au mgumu kama mpira usioteremka. Kidonda ni kikubwa, siku za wodini ni nyingi, na ubongo husogezwa ili kufika. Ukiambiwa ndiyo njia pekee kwa uvimbe wa milimita 9, tafuta maoni ya pili.

Muulize daktari moja kwa moja: unafanya wangapi kwa mwaka, wangapi wa homoni yangu, na kotisoli au IGF-1 imerudi kawaida kwa wangapi? Anayejibu "wote wanapona" hajawapima. Na kituo hicho kina daktari wa homoni, maabara inayopima sodiamu siku yoyote, na mtu wa nusukaputi anayejua akromegali? Ulimi na taya vilivyokua hufanya kuweka mpira wa hewa kooni kuwe kugumu, na hilo hupangwa kabla mgonjwa hajalala.

## Kwa hali yako

Una prolaktinoma ndogo na vidonge unavivumilia: endelea navyo. Ukiwa kijana, uvimbe una Knosp 0 au 1, na hutaki miaka ya vidonge, upasuaji kwa mkono uliozoea ni chaguo halali la mwanzo. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unauweka sambamba na kabagolini. Vilevile kama vidonge vimekuharibia akili au havishushi prolaktini. Fahamu kuwa miaka ya bromokriptini inaweza kuufanya uvimbe kuwa mgumu kukwangua.

Una prolaktinoma kubwa iliyoingia sinasi kavenosi: kabagolini kwanza, hata macho yakiwa yamefifia, ila kipimo cha uwanja wa kuona kirudiwe ndani ya wiki chache. Yasiporudi, kisu.

Unataka mimba na una prolaktinoma. Ndogo haikui kwa wengi wakati wa ujauzito, na dawa huachwa mimba ikithibitishwa. Iliyo kubwa inaweza kukua, kwa hiyo panga kabla: inyaushwe kwa dawa iwe mbali na macho, au ipunguzwe kwa upasuaji.

Una akromegali na uvimbe unaofikika: upasuaji, kwa sababu bei ya sindano za miaka 2 au 3 mara nyingi hukaribia au kupita ya upasuaji, na sindano hazina mwisho. Uvimbe ukiwa umejikita pembeni, jadili kupunguzwa kisha sindano, na mionzi ikiwa huwezi kuzimudu sindano.

Una Cushing: upasuaji, na usicheleweshwe na foleni, kwa sababu damu yako huganda kirahisi na maambukizi hukupata haraka. Omba kinga ya kuganda kwa damu kabla na baada. MRI isipoonyesha kitu, nayo hukosa kuonyesha kwa wengi, au ikionyesha doa chini ya milimita 6, damu ichukuliwe kwenye vena zinazotoka kwenye tezi ili kuthibitisha chanzo. Ukifanikiwa, jiandae kujisikia vibaya kwa miezi: viungo kuuma, ngozi kubanduka, huzuni. Mwili umezoea kotisoli nyingi. Haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 15 hadi 25 kwa siku, huendelea miezi 6 hadi 12 au zaidi. Ukipata homa kali dozi huongezwa mara mbili au tatu, na ukitapika unahitaji sindano ya miligramu 100.

Cushing imerudi au haikuisha: upasuaji wa pili kama mabaki yanaonekana, dawa, mionzi, au kuondoa adrenali zote mbili. Hilo la mwisho hukata kotisoli siku hiyo hiyo, na kwa aliye hoi au mwanamke anayetaka kuzaa linaweza kuwa busara, lakini utameza haidrokotisoni na fludrokotisoni (dawa ya kushika chumvi mwilini) maisha yote. Anayeishi siku nzima mbali na hospitali alipime hilo vizuri: dozi mbili zilizokosekana pamoja na malaria zinaweza kuua. Uvimbe uliobaki kichwani nao unaweza kukua haraka zaidi, kwa hiyo MRI haziachwi.

Na ukipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, kutapika, kope kuanguka au kuona kufifia, hapo hakuna kulinganisha. Uvimbe umevuja damu ndani yake. Nenda hospitali yenye MRI au CT usiku huo huo, sema una uvimbe wa pituitari, na uombe haidrokotisoni miligramu 100 ya mshipani ianze kabla ya kungoja majibu ya damu.